Ukurasa umehama, mkia wa # unaenda wapi? Njia nne za kulinda viungo vya zamani

Kuna chuo kimoja, sitakitaja, niliwahi kuitwa kusaidia tovuti yake. Walikuwa na ukurasa mmoja mrefu, /mwongozo, wenye kila kitu: ada, malazi, ratiba, sare, namna ya kulipia kwa simu. Viungo vyake vilikuwa vimesambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, vingi vikiishia na #ada au #malazi. Tovuti mpya ikaja. Ukurasa ule ukavunjwa vipande vitano, na fundi akaweka kanuni moja tu kwenye seva: anayeomba /mwongozo apelekwe /karibu. Kumbukumbu za seva zikawa safi kabisa, 301 (umehama) ikifuatwa na 200 (umepatikana), kosa hakuna hata moja. Simu ya ofisi ya uhasibu ndiyo iliyoanza kulia. "Nimebonyeza pale pa ada, naona picha ya mkuu wa chuo."

Wazazi hawakukosea anwani, na seva haikuharibika. Neno "ada" ndilo ambalo halikuwahi kufika kwenye seva.

Kama unahamisha kurasa na una viungo vya namna hii mitaani, una njia nne za kuchagua. Nimezitumia zote, na hakuna hata moja ninayoweza kukuambia uitumie kila mahali.

## Mkia na nanga

Tukubaliane maneno mawili. Mkia ni sehemu ya anwani inayoanza na alama ya reli, #, hadi mwisho. Nanga ni mahali penyewe ndani ya ukurasa, yaani kipengele cha HTML chenye id (jina lake la kipekee) inayolingana na mkia huo. Mkia uko kwenye kiungo, nanga iko kwenye ukurasa, na kazi yote hii ni kuhakikisha vinakutana.

Kivinjari kinapoomba ukurasa, mkia hubaki kwake. Ombi la /mwongozo#ada huifikia seva likiwa /mwongozo tu. Ni kama mgeni anayemtajia mlinzi wa getini namba ya nyumba; chumba anachokwenda anakijua mwenyewe. Ndiyo maana kumbukumbu za seva hazina mikia. Na ndiyo maana huwezi kuandika kanuni kwenye seva isemayo mwenye #ada aende huku na mwenye #malazi aende kule. Nimeona fundi hodari akipoteza siku nzima kwa hilo.

Seva ikijibu kwa 301, 302, 303, 307 au 308, namba za kuelekeza kwingine, hutuma anwani mpya kwenye kichwa cha Location, mstari wa jibu unaotaja pa kwenda. Hapo kivinjari hufanya uamuzi. Location ikiwa haina mkia, hubandika ule wa zamani kwenye anwani mpya. Ikiwa ina mkia wake, wa zamani hutupwa. Namba ya jibu haibadilishi chochote.

```
Aliomba             Location         Anafika
/mwongozo#ada       /chuo            /chuo#ada
/mwongozo#ada       /chuo#karibu     /chuo#karibu
/mwongozo           /chuo#karibu     /chuo#karibu
```

Uelekezaji ukiwa wa hatua kadhaa, kanuni hiyo hurudiwa kila hatua. Mtu aliyeanza na /a#x, akapelekwa /b, kisha /c#y, kisha /d, atafika /d#y. Hatua moja ya katikati yenye mkia inatosha kuua mkia aliokuja nao, na atakaoendelea nao ni ule wa katikati. Hili huwapata sana watu ambao tovuti yao imehama mara mbili, kila mara kwa mkono wa fundi tofauti.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. RFC 2616 ya Juni 1999 (RFC ni hati za kanuni za mtandao), waliyokuwa wakiifuata watengenezaji wa vivinjari na seva kwa miaka mingi, haikutoa nafasi ya mkia ndani ya Location. Mwaka huohuo Bert Bos wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, aliandika rasimu kuhusu jambo hilihili, lakini vivinjari viliendelea kutofautiana. Internet Explorer za zamani zilikuwa zikiudondosha mkia njiani. RFC 7231 ya Juni 2014 ndiyo iliyoiandika kanuni waziwazi, na RFC 9110 ya Juni 2022 ikairudia. Chrome, Firefox, Safari na Edge za leo zinaifuata. Kwa hiyo ukikuta ushauri wa kale unaodai kuwa mkia hupotea kwenye uelekezaji, ulikuwa na ukweli kwa wakati wake.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha, na ndilo linalofanya tatizo hili liwe la kichinichini: nanga isipopatikana, kivinjari hakilalamiki. Hufungua ukurasa na kukaa juu kabisa. Kuna 404 ya ukurasa, hakuna 404 ya nanga. Usipoambiwa na mtu, hutajua.

## Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne.

Kwanza, inavyofanya kazi, hasa kama inaweza kutofautisha mkia mmoja na mwingine. Pili, inachohitaji: je, lazima uguse mipangilio ya seva, au kuhariri faili za ukurasa kunatosha? Na je, inategemea JavaScript? Kigezo hiki kwetu si cha nadharia. Wengi wetu tunakodi nafasi kwenye seva ya pamoja ambako tunachoachiwa ni faili ya .htaccess tu, ile ya kanuni za folda yako, wengine wanaweka kurasa zao kwenye GitHub Pages, huduma ya kurasa tuli, ambako kanuni zako za seva hazina mahali pa kukaa, na wasomaji wengine wanakuja na Opera Mini, ambayo huendesha JavaScript kwenye seva za Opera kabla ukurasa haujafika kwenye simu. Tatu, matunzo: baada ya miaka miwili, aliyekuja baada yako ataielewa? Nne, usalama, kwa sababu kuna mikia inayobeba siri.

Kasi sijaiweka. Tofauti ipo, ila ni ndogo mno kuamua jambo hili.

## Njia ya kwanza: elekeza bila mkia, nanga zibaki na majina yaleyale

Inavyofanya kazi. Unaielekeza /mwongozo kwenda /chuo, Location haina mkia, kivinjari kinabandika #ada chenyewe, na kwenye /chuo unahakikisha kuna kipengele chenye id="ada". Basi. Mikia yote inafanya kazi kwa kanuni moja, hata ile uliyokwisha kuisahau. Sharti ni kwamba nanga zote ziwe zimehamia ukurasa mmoja. Zikitawanyika kwenye kurasa tano, njia hii peke yake haina la kufanya.

Mahali inapovunjikia ni kwenye majina. Mkia hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo #Ada na #ada ni vitu viwili. Ukibadilisha mfumo wa kuendeshea tovuti, mfumo mpya unaweza kuunda id kutoka kwenye vichwa vya habari kwa mtindo wake, na hapo kila kitu kinateleza. Kiswahili kina mtego wake hapa: ritifaa, ile alama ya '. Kichwa cha "Chakula cha ng'ombe" kwenye mfumo mmoja kinaweza kuwa chakula-cha-ng'ombe na kwenye mwingine chakula-cha-ngombe. Tena simu nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda mtu anapoandika, kwa hiyo hata mfumo ukihifadhi ya kwanza, aliyeandika kiungo kwa mkono hatafika. Mimi siku hizi naandika id kwa mkono, herufi ndogo, bila ritifaa, na nakataa mfumo kunichagulia.

Inachohitaji. Ruhusa ya kuweka uelekezaji kwenye seva, na uwezo wa kuhariri id za ukurasa mpya. JavaScript haihitajiki.

Matunzo. Ndogo kuliko zote. Kanuni ni moja, na id ni za kuandika mara moja. Hatari yake ni mhariri wa baadaye atakayeona id="sare" kwenye sehemu ambayo sasa inaitwa "Mavazi" na kuibadilisha akidhani anasafisha. Weka maelezo mafupi kwenye msimbo: usiguse, kuna viungo vya nje.

Usalama. Hapa pana jambo la kuangalia. Kurithi mkia kunamaanisha kwamba chochote kilichomo kwenye mkia kinasafiri hadi mwisho wa safari, hata kama mwisho huo ni tovuti ya mtu mwingine. Kwa #ada hakuna neno. Kwa mkia wenye ufunguo wa kuingilia, ni balaa. Nitalirudia kwenye njia ya pili.

Inamfaa. Aliyehamisha ukurasa mzimamzima: jina jipya la tovuti, kutoka http kwenda https, kutoka /mwongozo.html kwenda /mwongozo. Huyu hata asihangaike kusoma njia nyingine. Inamfaa pia anayetumia viungo vilivyofupishwa, kwa kuwa unaweza kubandika mkia mwishoni mwa kiungo kifupi na ukafika nao, mradi anwani ndefu iliyofichwa nyuma yake haina mkia wake.

## Njia ya pili: seva itaje mkia yenyewe

Inavyofanya kazi. Badala ya kuacha kivinjari kirithi, unaandika mkia kwenye Location: anayeomba /malazi.html apelekwe /chuo#malazi. Hii ndiyo njia ya kawaida pale kurasa ndogondogo zinapounganishwa kuwa ukurasa mmoja mrefu. Kila ukurasa wa zamani una anwani yake ambayo seva inaiona, kwa hiyo seva ina la kushika.

Gharama yake ni kwamba mkia wa msomaji hufa. Aliyekuja na /malazi.html#vitanda atatua kwenye #malazi, juu ya sehemu, si kwenye vitanda. Mara nyingi hilo linavumilika, kwa sababu amefika mtaa wenyewe na nyumba ataiona. Ila ujue umelichagua, lisikutokee kwa bahati mbaya.

Inachohitaji. Ruhusa ya seva. JavaScript hapana. Kuna mtego mmoja wa Apache, programu ya seva, ambao umewatoa watu jasho: RewriteRule, amri yake ya kuelekeza, hugeuza alama ya # kuwa %23, na msomaji anapelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo. Dawa ni bendera ya NE, inayoiambia Apache isigeuze:

```
RewriteRule ^malazi\.html$ /chuo#malazi [NE,R=301,L]
```

Kwenye nginx, programu nyingine ya seva, ni rahisi zaidi. Nukuu nazitia kwa mazoea, kwa kuwa katika faili zake # ikitangulia neno huanzisha maelezo:

```
return 301 "/chuo#malazi";
```

Wakati wa majaribio tumia 302, uelekezaji wa muda. Kivinjari kinaweza kuihifadhi 301, na ukikosea mkia utajikuta unarekebisha seva huku simu yako ikiendelea kukupeleka kulekule kwa zamani.

Matunzo. Ya wastani. Kila ukurasa wa zamani una mstari wake, na kila mstari unataja nanga iliyoko kwenye faili nyingine kabisa. Mtu akibadilisha id upande mmoja bila kugusa upande wa pili, uhusiano unakatika kimyakimya. Mistari 10 inashikika kichwani. Mistari 300 inahitaji orodha na programu ndogo ya kuikagua.

Usalama. Ni hapa njia hii inapopata faida ambayo wengi hawaifikirii. OAuth 2.0, utaratibu wa kuruhusu tovuti moja kutumia akaunti yako ya kwingine, iliyoandikwa kwenye RFC 6749 ya Oktoba 2012, ilikuwa na utaratibu wa kuurudisha ufunguo wa kuingilia ndani ya mkia. Wazo lilikuwa zuri: mkia hauendi kwa seva, kwa hiyo ufunguo hauachwi kwenye kumbukumbu. Lakini fikiria ukurasa unaopokea ufunguo huo una tabia ya kuelekeza watu kokote wanakotaja kwenye anwani. Mshambuliaji anautumia kumpeleka mtu kwenye tovuti yake. Location haina mkia, kivinjari kinatii kanuni na kubandika mkia wa zamani, na ufunguo unatua mikononi mwa JavaScript ya mshambuliaji. Hakuna aliyevunja kitu. Kila chombo kimefanya kazi yake.

RFC 9700 ya Januari 2025, inayokusanya ushauri wa usalama wa OAuth 2.0, inataja kinga hii: seva iweke mkia wowote usio na maana, mfano #_, kwenye Location. Ukiwepo wowote, wa zamani haubandikwi. Kama umewahi kuingia mahali kwa akaunti ya Facebook ukaona #_=_ imejibandika mwishoni mwa anwani, ule ni mkia wa namna hiyo, usioelekeza popote. Kwa hiyo tabia ileile inayomuudhi mwenye ukurasa wa malazi, kwamba mkia wa msomaji hufa, kwa mwenye mfumo wa kuingia ndiyo anayoitaka.

Inamfaa. Anayeunganisha kurasa ndogo kuwa moja, na anayejenga mfumo wa kuingia au wa malipo ambao hautaki mikia ya watu ipenye.

## Njia ya tatu: JavaScript isome mkia na kuamua

Inavyofanya kazi. Hii ndiyo pekee inayoweza kumpeleka mwenye #ada ukurasa mmoja na mwenye #malazi ukurasa mwingine bila msomaji kubonyeza tena, kwa sababu ndani ya ukurasa mkia unaonekana kwa jina la location.hash. Unaweka orodha:

```
const ramani = {
  "#ada":    "/chuo/ada",
  "#malazi": "/chuo/malazi",
  "#sare":   "/chuo/malazi#mavazi"
};
const mpya = ramani[location.hash];
if (mpya) location.replace(mpya);
```

location.replace ni bora kuliko kuandika location = mpya, kwa sababu haiachi ukurasa wa kati kwenye historia; msomaji akibonyeza kitufe cha kurudi hanaswi kwenye mzunguko.

Hati hii si lazima ikae kwenye anwani ya zamani. Seva inaweza kuielekeza /mwongozo kwenda /karibu bila mkia, kivinjari kikabandika #ada, na hati iliyoko /karibu ikaisoma. Yaani njia hii mara nyingi inapanda mgongoni mwa ile ya kwanza. Ndivyo nilivyowafanyia wale wa chuo, mistari isiyozidi kumi, na simu ya uhasibu ikatulia.

Ukitaka kuona kazi kubwa ya aina hii, tazama maelezo rasmi ya HTML yanayotunzwa na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari. Yapo kwa ukurasa mmoja mkubwa sana na pia kwa kurasa nyingi. Kwenye ule mtindo wa kurasa nyingi kuna hati ya JavaScript inayotazama mkia. Nanga isipokuwepo kwenye ukurasa uliofunguka, inaitafuta kwenye orodha na kukupeleka ilipo.

Inachohitaji. Uwezo wa kuweka hati kwenye ukurasa. Ruhusa ya seva si lazima, na ndiyo maana ni kimbilio la watu wa GitHub Pages. Angalizo kwao: kurasa nyingi za kuelekeza zinazoundwa na programu za kurasa tuli hutumia lebo ya meta refresh, amri ya HTML ya kuhamia anwani nyingine. Hiyo haifuati kanuni ya Location. Inakupeleka kwenye anwani iliyoandikwa na si zaidi, mkia unabaki nyuma. Ikibidi uitumie, tanguliza hati ya JavaScript, na meta refresh ibaki ya wale ambao hati haikufanya kazi kwao.

Bila JavaScript hakuna kitu. Programu za kukagua viungo na mashine nyingi zinazosoma kurasa zitaona ukurasa wa kati tu.

Matunzo. Orodha huzeeka. Faida yake ni kwamba iko mahali pamoja, na unaweza kuiongezea mstari wa kuripoti mkia usiojulikana kwenye seva yako. Ni njia pekee kati ya hizi inayokuwezesha kujua ni mikia ipi ambayo watu bado wanakuja nayo.

Usalama. Tumia orodha, usitumie mkia wenyewe kama anwani. Hati inayochukua kilichomo baada ya # na kwenda huko moja kwa moja ni mlango wazi: mtu anaweza kuandika anwani ya tovuti yake, au javascript: yenye amri zake, na tovuti yako ikawa ndiyo iliyomsaidia.

Inamfaa. Aliyevunja ukurasa mmoja kuwa nyingi. Inamfaa pia, na hana njia nyingine, anayeacha mtindo wa anwani za #!, ambapo jina la ukurasa huandikwa ndani ya mkia, uliokuwa na umaarufu kuanzia mwaka 2010, pale Twitter ilipoanza kuandika anwani za watu kwa mtindo huo. Twitter yenyewe ilianza kuuacha mwaka 2012. Ugumu wa kuuacha ni kwamba kila kiungo cha #! kilichokwisha kusambazwa, seva inakiona kama ukurasa wa mwanzo tu.

## Njia ya nne: usielekeze, acha ukurasa wa zamani uwe kibao cha njia panda

Inavyofanya kazi. /mwongozo inabaki hai. Unafuta maudhui, unaacha vichwa vyenye id zake, na chini ya kila kichwa unaweka sentensi moja na kiungo: ada sasa zipo hapa. Mwenye #ada anatua kwenye kichwa cha ada, anabonyeza mara moja, anafika. Ukiongeza mtindo wa :target wa CSS unaweza hata kukipaka rangi kichwa alichokitafuta. Acha nafasi ya kutosha kati ya vichwa, kwa sababu ukurasa ukiwa mfupi kuliko kioo cha simu kivinjari hakina pa kusogea.

Inachohitaji. Kuhariri faili moja. Hakuna seva, hakuna JavaScript.

Matunzo. Ni kama hakuna.

Usalama. Hakuna kinachosafiri bila msomaji kubonyeza.

Inamfaa. Mwenye tovuti ndogo, asiye na ruhusa ya seva, ambaye wasomaji wake wanatumia simu duni au vivinjari vinavyobana JavaScript. Mafundi huidharau kwa sababu haionyeshi ufundi, na ina udhaifu wa kweli: msomaji anabonyeza mara mbili, na mashine za kutafutia haziambiwi rasmi kuwa ukurasa umehama kama zinavyoambiwa na 301. Lakini ni njia ambayo hata mhariri asiyejua msimbo anaweza kuielewa kwa kuitazama.

## Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Umebadilisha jina la tovuti au umehamia https, na kurasa ni zilezile. Njia ya kwanza. Hakikisha tu kwamba katika hatua zote za uelekezaji hakuna iliyobandika mkia wake.

Umekusanya kurasa nyingi kuwa moja. Njia ya pili, mstari kwa kila ukurasa. Kama kurasa za zamani zilikuwa na nanga zake za ndani zinazotumika sana, na majina yake hayagongani, fikiria kuiacha Location bila mkia kwa kurasa hizo na kuhamisha id zao. Wenye mkia watatua sahihi; wasio na mkia watatua juu. Huwezi kuwapata wote kwa kanuni ya seva peke yake, kwa hiyo angalia ni kundi lipi kubwa.

Umevunja ukurasa mmoja kuwa nyingi. Njia ya tatu ikipanda juu ya ya kwanza. Kama wasomaji wako wengi hawana JavaScript ya kuaminika, ya nne. Na hakuna kinachokuzuia kuchanganya: ukurasa wa njia panda wenye hati ya JavaScript ndani yake. Hati ikifanya kazi msomaji hata hauoni ukurasa huo, isipofanya kazi vichwa na viungo vipo.

Una mfumo wa kuingia, na watu wanalalamika kwamba wakibonyeza kiungo cha /ripoti#machi huku muda wao umekwisha, wanaingia na kutua juu ya ripoti. Hapa uelekezaji hauna kosa. Seva iliwapeleka /ingia, na kivinjari kikaubeba mkia hadi huko, utauona kwenye anwani ya ukurasa wa kuingilia. Unapotea pale fomu inapotumwa kwenye anwani nyingine iliyoandikwa ndani yake. Weka hati ndogo kwenye ukurasa wa kuingilia isome location.hash na kuiandika kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu, kisha seva iutumie kwenye Location ya mwisho, kwa njia ya pili, baada ya kuhakikisha una herufi, tarakimu na vistari tu.

Mkia wako unabeba ufunguo au siri yoyote. Kwanza tafuta namna ya kuacha kuibeba hivyo. Wakati unatafuta, kila uelekezaji unaotoka kwenye kurasa hizo uwe na #_ mwishoni.

Na vyovyote utakavyochagua, jaribu kwa kivinjari halisi, ikiwezekana simu mbili tofauti. Amri ya curl -I, inayoonyesha vichwa vya jibu la seva, itakuonyesha Location, haitakuonyesha kivinjari kinabandika nini. Ukijaribu kwa fetch ndani ya JavaScript, response.url itakupa anwani ya mwisho ikiwa imekatwa mkia, na unaweza kudhani umepotea kumbe upo. Fungua kiungo kama kilivyotumwa kwenye kundi la wazazi, kibonyeze kutoka humohumo WhatsApp, na utazame ulipotua.